Yai Lililokataa Taa

Wiki ya nne baada ya maziko, Jicho alitambua kwamba mkewe ameacha kutumia mkono wa kushoto. Alifagia kwa mkono mmoja, ufagio ukienda upande kama mlevi. Alimenya viazi kwa kuvibana katikati ya magoti. Akitaka kufungua mlango huku ameshika kitu, alikiweka chini kwanza, akafungua, kisha akainama tena kukiokota. Na muda wote huo mkono wa kushoto ulikaa umebana ubavuni, kiwiko kimegandamana na mbavu, kama wa mtu aliyebeba karatasi muhimu kwapani na anaogopa upepo.

"Umeumia?" alimwuliza.

"Sijaumia."

"Mbona huuinui mkono?"

"Umechoka tu. Na wewe nawe, kumulika watu! Acha hayo macho kazini kwako."

Alitabasamu aliposema hivyo, na Jicho, ambaye alikuwa amekaa mwezi mzima bila kuliona tabasamu lile, akanyamaza. Ndivyo uovu unavyoingia katika nyumba za watu wema. Haupigi mlango kwa ngumi. Huja umebeba kile hasa ambacho mwenye nyumba amekililia.

Jicho halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake katika kiwanda cha kutotolea vifaranga, alikofanya kazi miaka kumi na mmoja ndani ya chumba cha giza, akimulika mayai. Siku ya saba trei zilitolewa kwenye viatamizi, mashine zinazoyapa mayai joto, naye alikalisha kila yai juu ya tundu la taa. Lenye uhai lilionyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi, na katikati yake nukta inayotikisika. Tupu lilipitisha mwanga kama glasi ya maji. Lililokufa lilikuwa na pete ya damu. Hai alilirudisha kwenye joto, viza alilitupa ndooni, wala mkono wake haukukosea. Wenzake walimtania kwamba Siku ya Hukumu malaika watamwomba awasaidie kuchambua.

Palikuwa na kanuni moja kiwandani aliyoipenda kuliko zote: yai ambalo mwanga haupiti haliandikwi kufa. Huenda ganda lake ni nene, huenda taa imechoka. Hurudishwa kwenye joto, limulikwe tena siku ya kumi, na tena siku ya kumi na nane, ndipo mtu athubutu kushika kalamu.

Basi siku ya kumi tangu amzike bintiye, aliyetoka tumboni bila kupumua na kuingia kaburini bila jina, Jicho alikalisha juu ya taa yai ambalo lilikuwa jeusi. Kwa nje lilikuwa la kahawia kama ndugu zake. Lakini mwanga ulipoligusa ulizama humo, usionekane hata ule wekundu mdogo wa ukingoni. Ilikuwa kana kwamba ameweka bonge la mkaa. Aliligeuza. Alibadilisha taa. Lilikuwa zito kiganjani, tena la moto kuliko mengine yote yaliyotoka katika trei ileile.

Msimamizi wa viatamizi, mwanamke wa makamo waliyemwita Mama Joto, alichungulia juu ya bega lake.

"Tupa hilo."

"Kanuni inasema lisiloonekana ndani lirudishwe."

"Kanuni ni ya mayai, kaka. Hilo mimi sijui ni kitu gani. Hebu linuse."

Alilinusa. Lilinuka kama kijiti cha kiberiti kilichozimwa ndani ya mfereji wa maji machafu.

"Umesikia? Tupa, halafu unawe kwa sabuni mara mbili."

Hakulitupa. Alikuwa amezika kitu kimoja mwezi ule na mkono wake ulikataa kutupa kingine. Alilitia mfukoni, akalipeleka nyumbani, akamkuta mkewe amelala akiutazama ukuta kama kawaida yake, akalikalisha kwenye kiganja chake na kumwambia, kwa huruma tu, kama mtu anavyompa mgonjwa kitu cha kushika: "Kazini kwetu lisiloonekana ndani haliandikwi kufa."

Mkewe alikaa kitako. Aliliweka shavuni. Jicho alipoliulizia siku mbili baadaye, alijibiwa kwamba limetupwa, naye akaamini upesi.

Kisha harufu ikaja. Ilianza kwenye shuka, nyembamba, ya kiberiti. Ikahamia kwenye mapazia. Ikaingia katika mkate, hata Jicho akautafuna mkate uliotoka dukani asubuhi ileile na kuhisi ute ukimtelezea kwenye ulimi. Jirani alianza kufunga madirisha ya upande wao. Mkewe aliacha kuoga. Alisema maji yanamtia baridi. Nywele zake zilishikamana kwa jasho, shingo yake ikaota utando wa kijivu uliokunjana alipogeuka, na mzunguko wa doa la njano ukapanuka kwenye kila blauzi, upande wa kushoto, chini ya kwapa.

Mchana wa siku yake ya mapumziko, jua likiwa limejaa chumbani, Jicho alisukuma mlango wa chumba cha kulala bila kubisha.

Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, blauzi imefunguliwa. Kwa mkono wa kulia alikuwa akikamua titi lake la kushoto, kwani maziwa ya mtoto aliyezikwa yalikuwa bado yanakuja, na maziwa yale yalitiririka kuelekea kwapani, na hapo kwapani palikuwa na kitu. Lilikuwa yai, au lilikuwa limewahi kuwa yai. Sasa lilikuwa na ukubwa wa ngumi. Ganda lilikuwa limelainika, likawa kama ngozi ya lengelenge, linatoka jasho. Vinywele vya kwapa vilikuwa vimegandia juu yake, na nyama ya mwanamke ilikuwa imevimba pande zote na kulikumbatia, nyekundu, yenye usaha, kama ufizi unavyoshika jino. Kila tone la maziwa lilipofika, lilifyonzwa kwa sauti ndogo ya midomo.

"Rudishia mlango," mkewe alinong'ona. "Anakula."

Jicho alitaka kupiga kelele, na miguu yake ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea mlangoni, kitu kile kilipolia ndani ya ngozi yake mara moja, mlio mwembamba wa kifaranga kinachotaka kutoka, kisha, kwa sauti safi kabisa, sauti ya mtoto aliyeoshwa na kulishwa na asiyejua ubaya wowote duniani, sauti ambayo Jicho alikuwa ameisikia miezi yote tisa katika mawazo yake tu alipokuwa akitembea kutoka kazini, kikasema:

"Baba."

Na yeye, badala ya kukimbia, akaketi.

Mola atusamehe, kwa maana wengi wetu tungeketi. Mwanadamu aliumbwa kwa udongo, na udongo hupokea alama ya kila kidole kinachouminya. Wala hauulizi ni kidole cha nani.

Siku zilizofuata Jicho aliishi kama mtu mwenye nyumba mbili ndani ya kifua. Katika moja alijua anachokiona, kwa kuwa alikuwa amenusa maelfu ya mayai viza katika maisha yake. Katika nyingine alikuwa baba. Alijaribu, si kwamba hakujaribu. Siku ya kutotolewa ilipokuwa imekwisha kupita, alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Mama, siku zake zimekwisha. Angekuwa hai angetoka."

"Huyu si kifaranga. Siku zake si za vifaranga."

"Ni siku ngapi basi?"

"Akiwa tayari."

"Tutajuaje yuko tayari?"

"Atatoka."

Siku nyingine alikuja na tochi ya kazini. Mkewe alijikunyata pembeni mwa kitanda, akiwa ameufunika ubavu kwa mto.

"Ukimmulika atakufa. Ameniambia."

"Na tusipommulika?"

"Ataishi."

"Na asipoishi?"

"Basi kuna mtu alimmulika moyoni. Kuna mtu alishuku." Akamtazama mumewe kwa macho yaliyozama. "Jana hakula vizuri. Ulikuwa unafikiria nini jana?"

Jicho alirudisha tochi mfukoni, naye aliona aibu, kana kwamba kweli alikuwa amemnyima mtoto chakula kwa wazo alilowaza. Hapo ndipo lilipokuwa kaburi la akili yake. Ushahidi uliotaka kulikanusha jambo lile uligeuka kuwa chakula chake. Likinuka, ni harufu ya uhai unaochemka. Likikaa kimya, limelala. Mwanamke akidhoofika, mama gani hakudhoofika kwa ajili ya mwanawe? Likaanza kutoa amri. Asioge. Asile chumvi. Asikumbatiwe. Asiliinue bega. Asimtaje yule aliyezikwa, kwa maana hakuna aliyezikwa. Na kila amri ilipotimizwa, lilikua kidogo, na shavu la mwanamke likaingia ndani kidogo, mpaka siku moja Jicho alipokuwa akimpa uji aliona jino limebaki kwenye kijiko, na mkewe akaucheka mwanya wake, akalichukua jino na kulitia kwapani, akasema, "Mtoto anataka mifupa."

Kiwandani Mama Joto alimsimamisha mlangoni, pua ameiziba kwa kanga ya shingoni.

"Kaka Jicho, unanuka kama trei iliyosahauliwa mwezi. Nyumbani kwako mnatotoa nini?"

Lilikuwa neno la utani, lakini Jicho alipofungua kinywa kujibu kwa utani, kilio kilimtoka mbele ya wenzake wote. Mama Joto alimvuta ndani ya chumba cha giza, akafunga mlango, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumcheka. Alisema tu, "Lile lile?"

"Lile lile."

"Nilikwambia ulitupe." Kisha sauti yake ikalegea. "Basi. Shangazi yangu ni mkunga, ni mtu wa sala, na mambo haya si mageni kwake. Nadhani mnafahamiana. Ndiye aliyempokea mtoto wenu."

"Mke wangu hawezi kumwona. Anamchukia kuliko shetani."

"Vizuri. Angalau wanajuana."

Bibi Mkunga alikuja kesho yake saa nne asubuhi, na kikapu cha vitambaa safi na sabuni ya kipande. Alikuwa mwanamke mwembamba, wima kama mlingoti, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Uvundo wa chumba ulipompiga alisimama kizingitini, akafumba macho. Hakuziba pua. Alitaja jina la Mwenyezi Mungu, akaingia.

Mke wa Jicho hakumwamkia. "Mtoe," alinong'ona. "Huyo ndiye aliyemwandika kufa."

"Ni kweli," Bibi Mkunga alisema. "Ni mimi." Akaketi sakafuni, kando ya kitanda, ili uso wake uwe chini ya uso wa mgonjwa. "Nimekuja nikwambie nilivyofanya, maana siku ile ulikuwa umezimia na hakuna aliyekwambia. Alitoka ni wa buluu. Nilimsugua mgongo kwa taulo. Nilimpulizia kinywani. Nikausikiliza moyo wake. Nikampulizia tena. Muuguzi wa zamu aliniambia, bibi, acha, nami nikamwambia aondoke mbele yangu. Nusu saa, binti yangu. Nilimpulizia nusu saa, nasikiliza, napuliza, nasikiliza. Unajua kwa nini nilikuwa nampima?"

Mgonjwa aligeuza uso kumtazama.

"Nilitaka nikosee."

Kutoka chini ya kwapa sauti tamu ilisema, "Mwongo."

Bibi Mkunga alitetemeka, na yeye alikuwa mtu wa nyama, lakini hakuliangalia. "Sisemi nawe," alisema, na kuendelea kumtazama mwanamke.

"Unataka kummulika afe," mgonjwa alisema.

"Simgusi. Nikimtoa kwa nguvu, utasema mpaka kufa kwako kwamba alikuwa amebakiza siku moja azaliwe. Atahama kwapani aingie moyoni, na huko mikono yangu haifiki. Ukitaka akae, akae. Ila mwulize swali moja kwanza, kwa sauti, mimi na mumeo tusikie."

"Swali gani?"

"Mwulize hivi: kama wewe si mwanangu, ningejuaje?"

Kitu kile kiliacha kufyonza. Mwanamke aliinamisha kichwa, midomo yake iliyopasuka ikasogea karibu na kwapa lake, akauliza taratibu, kwa unyenyekevu, kama mama anavyomwuliza mtoto aliyeamka kama ameota ndoto mbaya:

"Mwanangu, kama wewe si mwanangu, ningejuaje?"

"Mimi ni mwanao, mama."

"Ndiyo. Lakini kama si wewe. Kingeonekana nini?"

"Usiniulize hivyo. Inauma."

"Niambie jambo moja tu. Moja dogo."

"Mama, nakufa. Unaniua. Mwambie huyo bibi aondoke."

"Nikimwambia aondoke, nitakuwa nimejua?"

Jicho aliona ngozi ile ya lengelenge ikitunga mikunjo, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka inapopulizwa, na uvundo ukapanda ghafla, mzito, wenye joto, ukiwapaka ulimi na kope, uvundo wa kila ndoo ya viza aliyowahi kuibeba kwa miaka kumi na mmoja, ukichanganyika na maziwa yaliyoganda na damu ya siku nyingi na kitu kitamu kama tunda lililoanza kuoza. Na katikati ya uvundo ule sauti ilicheka, si kwa ukatili bali kwa uvivu, kama mtu aliyechoka kuvaa viatu vya mwingine, ikasema:

"Usingejua."

Machozi mawili yalikata njia katika uchafu wa mashavu ya mwanamke.

"Leta taa," alimwambia mumewe.

Jicho alitoa tochi. Hapo sauti ikamgeukia yeye, na ilikuwa tena ile ya mtoto, safi, yenye usingizi. "Baba, usiwashe. Baba, mimi na wewe tu. Nitakungoja mlangoni kila jioni." Kidole chake kilikaa juu ya kitufe. Ilikuwa kweli kwamba hakuwa na uthibitisho. Hata sasa hakuwa nao. Majini husema uongo, lakini hata mtoto aliyeogopa angesema vilevile. Alimtazama mkewe: pengo la jino, shingo ya kijivu, mkono wa kushoto uliokonda kama kijiti, nao kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi ukijitahidi kuinuka, ngozi ikichanika, usaha ukitiririka mpaka kiunoni, naye akiuma shuka ili asilie.

Akawasha.

Mwanga ulipita. Ulipita wote, kwa wepesi, kana kwamba haukuwahi kuzuiwa na chochote. Jicho alitafuta mishipa, kwa mazoea. Hapakuwa na mishipa. Alitafuta nukta. Hapakuwa na nukta, wala mkono, wala mguu, wala jicho. Ndani ya majimaji yale ya njano kulikuwa na mdomo. Mdomo tu, usio na uso, mpana, laini, umejaa maziwa, ukifunguka na kufumba, ukielekea titi.

Bibi Mkunga alianza kuomba. Aliomba kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza na Mwenye nyumba juu ya mvamizi, akimwita Yule aliyeweka mipaka ya bahari na mipaka ya roho, amrudishe kila mmoja mahali pake. Na mwanamke mwenyewe alipeleka mkono wa kulia kwapani, akaliingizia kucha, akalivuta.

Lilitoka na ngozi. Lilipiga kelele kwa sauti nyingi, nyingine za wazee, na likapasukia sakafuni: mabonge ya maziwa yaliyoganda, usaha wa kijani, vifundo vya nywele zake, kucha, jino lake, na ute mweusi ambao haukutulia ulipoangukia. Ute ule ulijikusanya. Ulijivuta kama konokono anavyojivuta, ukapita chini ya mlango wa bafu, na wakasikia ukidondoka, donge baada ya donge, ndani ya tundu la maji machafu.

Jicho alitapika. Mkewe alitapika. Bibi Mkunga alitoa kichwa dirishani, akatapika nje, akajifuta, akarudi na kusema, "Sasa maji ya moto. Mengi."

Walisugua chumba, kisha Bibi Mkunga akamwingiza mgonjwa bafuni, akamkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kumwosha. Jicho alibaki nje ya mlango akipokezana birika. Aliwasikia.

"Mwanangu wa kweli yuko wapi?" mkewe aliuliza.

"Kwa Mungu."

"Umejuaje?"

"Sijui. Naamini."

Maji yalimwagika. Kisha sauti ya mkewe ikaja polepole, lakini bila kuyumba. "Na kama hayuko huko, bibi, ungejuaje?"

Jicho alishika birika kwa nguvu mpaka likamchoma. Ndani palisikika mlio wa kitambaa kwenye ngozi.

"Nisingejua," Bibi Mkunga alisema. "Si katika dunia hii."

"Basi tofauti yenu ni ipi?"

"Ngoja nisugue hapa. Panauma? Pole." Akavuta pumzi. "Sina jibu la kukunyamazisha, binti yangu, wala sitaki unyamaze. Nina miaka arobaini na imani hii. Nimeiuliza hili lako na mabaya zaidi. Nimeitukana, mikono yangu ikiwa na damu ya mama aliyenifia. Haijaniambia hata siku moja kwamba kuuliza kwangu ndiko kulikoua. Haijanikataza kuutazama uso wa maiti. Haijaniambia nisimpime mtoto, nimwachie Mungu. Iliniambia, puliza, sikiliza, puliza tena. Na nikishindwa, hainidai mwili wangu. Inaniambia nenda kaoge, ule, kesho kuna mwingine anazaliwa. Huenda nimekosea. Nikiwa nimekosea, nimekosea huku nikiosha watu. Lile lilikukataza maji."

"Haitoshi, bibi."

"Najua haitoshi. Inua na mkono huu."

"Je, anaona baridi huko aliko?"

"Sijui."

"Ana jina?"

"Hilo ni lako. Mpe."

Mkewe alilia, kilio kikubwa chenye makamasi na kikohozi, kilio ambacho hakikutoka siku ya maziko. Akauliza tena, na tena, na Bibi Mkunga akajibu sijui, sijui, hilo naamini, hilo sijui. Wala hapakuwa na swali hata moja lililoleta uvundo.

Nyuma ya nyumba, mahali bomba la bafu lilipotokea kwenye mfereji wa wazi, Jicho alikuwa amekwenda kuangalia kama maji yanapita. Yalipita, ya kijivu, yenye povu na vinywele. Jua lilikuwa la utosi. Alikuwa ameshika birika la pili, limechemka, alipolisikia ndani ya bomba.

"Yeye hakunitaka," lilisema, dogo, limelowa, linatetemeka kama mtoto aliyetolewa nje bila nguo. "Mama hakunitaka. Wewe ulinitaka tangu mwanzo. Mfuko wako una joto."

Jicho alichutama. Harufu ilikuwa hafifu sana, kiberiti tu, kitu ambacho mtu angeweza kukizoea. Ndani ya tundu la bomba, kwenye giza ambalo hata mchana ule haukulifikia, kitu kilifunguka na kufumba. Alikitazama muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri kwa mtu yeyote baadaye, na mkono wake mtupu ulikuwa umekwisha kunyooka, kiganja kimegeuzwa juu.

"Maji yamepoa!" mkewe aliita kutoka ndani, kwa sauti kavu yenye hasira ya mtu mwenye baridi. "Baba wee, uko wapi? Nimelowa hapa, na njaa inaniua!"

Aliurudisha mkono. Akainua birika, akalimimina lote ndani ya bomba, polepole, bila kuacha, huku sauti ya mtoto ikipanda na kumwita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hakuna mtu katika mji ule aliyelijua, mpaka tone la mwisho likaisha.

"Nakuja," alisema. "Nachemsha mengine."